Gari la kwanza: Uagize Japan au ununue hapa nchini?

UMEJINYIMA kwa miaka minne. Umekataa safari za Diani, umevaa viatu vile vile hadi marafiki wakaanza kukutania, na akiba ya Sacco hukuigusa hata Januari ilipobana. Sasa una milioni moja na laki mbili. Kila usiku kabla ya kulala unapekua picha za Demio, Fit na Vitz kwenye simu. Limebaki swali moja: uagize kutoka Japan, ama uingie yadi hapa hapa, ulipe na uondoke ukiendesha?

Ukiuliza marafiki utapata kambi mbili. Wa kwanza atakuambia, "Msee, agiza. Gari za hapa zimechapwa na barabara zetu." Wa pili atakucheka: "Utumie pesa zote hizo kwa watu hujawahi kuwaona, halafu ungoje meli miezi miwili? Nunua kitu unaweza kushika."

Wote wawili wana ukweli wao. Lakini hakuna kati yao atakayekurudishia pesa mambo yakienda mrama. Kwa hivyo kabla ya kuchagua kambi, kaa chini na kalamu. Kila njia ina hatari yake, na kazi yako ni kujua ni hatari gani mfuko wako unaweza kuibeba.

Kwa nini gari zuri linauzwa rahisi Japan

Watu wengi hudhani gari likiuzwa bei ya chini lazima lina kasoro. Kwa Japan si lazima iwe hivyo. Kule, gari la kibinafsi hukaguliwa kwa lazima miaka 3 baada ya kununuliwa likiwa jipya, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo huja pamoja na kodi na bima, na gharama hizo humfanya mwenye gari ajiulize kama si afadhali aliuze achukue jingine. Magari mengi hufika mnadani yakiwa bado na nguvu. Tena Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, kwa hivyo usukani uko kulia, jinsi sheria ya Kenya inavyotaka.

Faida kubwa ya kuagiza ni historia. Gari linalopitia mnada wa Japan hukaguliwa na kuandikiwa karatasi yenye daraja, kilomita na mchoro wa mwili wake. Daraja la 4 au 4.5 huwa gari safi. Ukiona herufi R au RA mahali pa daraja, jua gari hilo liligongwa ama lilibadilishwa sehemu kubwa, kisha likarekebishwa. Kwenye mchoro, A ni mkwaruzo na U ni kubonyea. Mwombe muuzaji karatasi hiyo kabla ya kulipa chochote. Akikwambia haipo, ama akutumie picha iliyofifia isiyosomeka, tafuta muuzaji mwingine. Magari yapo mengi.

Muuzaji mwenyewe pia umchunguze. Angalia kama ni mwanachama wa JUMVEA, chama cha wauzaji wa magari yaliyotumika Japan wanaouza nje. Na akaunti ya benki unayotumia pesa iwe ya kampuni. Ukipewa jina la mtu binafsi, ama akaunti iliyo nchi nyingine kabisa, simama hapo hapo.

Mtego wa miaka 8

Kenya hairuhusu gari lililotumika ambalo limezidi miaka 8, na shirika la viwango KEBS ndilo husimamia kanuni hiyo. Mwaka 2025, gari lilitakiwa liwe limesajiliwa mara ya kwanza kuanzia 2018. Kuanzia Januari 2026 mpaka ukasogea hadi 2019. Kila Januari unasogea tena.

Hapa ndipo vijana wengi hunaswa. Inapofika Oktoba, magari ya mwaka wa mwisho unaoruhusiwa hushuka bei. Unaona dili, unalipa haraka. Lakini gari linatakiwa lifike kabla ya mwaka kuisha, na meli haijui wewe una haraka. Safari ya kutoka Japan hadi Mombasa huchukua takriban mwezi mmoja, wakati mwingine zaidi, na kabla ya hapo kuna siku za kungoja nafasi kwenye meli na kukaguliwa. Bila cheti cha ukaguzi kilichotolewa kule lilikotoka, gari lako litakwama bandarini. Kama ni mwisho wa mwaka, chagua gari lenye umri wa chini zaidi ama ungoje Januari.

Hesabu ya ushuru, polepole

Sasa tuje kwa KRA. Wengi huamini kwamba ukipata gari kwa bei nafuu Japan, ushuru nao utakuwa nafuu. Sivyo. KRA ina orodha yake ya bei za magari yakiwa mapya, inayoitwa CRSP. Huchukua bei ya muundo wako, hukata asilimia fulani kulingana na umri wa gari, kisha hupata thamani ya forodha. Ushuru hutozwa juu ya thamani hiyo. Hata ukipata gari kwa bei ya kutupa, KRA itafuata orodha.

Chukua mfano. Tuseme thamani ya forodha ya gari dogo la petroli, injini isiyozidi cc 1500, imetoka shilingi 500,000. Kwa viwango vya mwaka 2025, hesabu ni hivi:

Ushuru wa forodha, asilimia 35: 175,000.

Ushuru wa bidhaa, asilimia 20 ya jumla ya hizo mbili, yaani ya 675,000: 135,000.

VAT, asilimia 16 ya 810,000: 129,600.

Ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5 ya thamani ya forodha: 12,500.

Ada ya ujenzi wa reli, asilimia 2: 10,000.

Jumla: shilingi 462,100.

Umeona? Ushuru unakaribia thamani yenyewe, kwa sababu kodi moja hupanda juu ya nyingine. Injini ikivuka cc 1500, ushuru wa bidhaa hupanda hadi asilimia 25. Ndiyo maana gari la cc 1490 na lile la cc 1800 yanaweza kuonekana ndugu kwenye picha, lakini Mombasa yakatengana kwa pesa nyingi. Kwa hivyo tafuta muundo kamili wa gari lako kwenye orodha ya KRA kabla ya kulipa hata dola moja. Viwango hivi pia hubadilika bajeti ikisomwa, basi hakikisha unatumia vya mwaka wako.

Dola nayo ina maneno

Gari la Japan hulipiwa kwa dola. Tuseme gari pamoja na usafiri wa meli hadi Mombasa ni dola 5,000. Januari 2024, dola moja ilipopita shilingi 160, gari hilo lingekugharimu zaidi ya shilingi 800,000. Miezi michache baadaye dola ilishuka hadi karibu 129, na gari lile lile likawa 645,000. Tofauti ni zaidi ya laki moja na nusu, na gari halijabadilika hata taa.

Sasa jumlisha: 645,000 za gari na meli, 462,100 za ushuru, na tuseme 100,000 za gharama za bandari, wakala, usafiri hadi Nairobi, usajili na nambari. Umefika 1,207,100. Kumbuka ulikuwa na 1,200,000. Hujanunua bima, hujabadilisha oili, na tairi mbili za nyuma zimeisha.

Hilo ndilo jambo linalowaumiza wanaoagiza mara ya kwanza. Gari halina shida. Wao wenyewe walipanga bajeti ikaishia Mombasa. Gari likifika na ushuru haujawa tayari, siku za bure zikiisha bandari huanza kutoza ada ya kuhifadhi, na ada hiyo huongezeka kila siku. Utaanza kukopa kwa app za simu usiku wa manane ili utoe gari lako mwenyewe.

Kwa hivyo kama utaagiza, pesa za ushuru ziwe tayari kabla meli haijafika, na ubaki na angalau asilimia 15 ya bajeti ambayo hujaipangia lolote. Kwa milioni moja na laki mbili, hiyo ni 180,000. Maana yake gari lako, pamoja na kila kitu, lisizidi 1,020,000. Ndiyo, ni gari dogo kuliko lile la ndoto. Lakini litakuwa lako, bila deni.

Jambo lingine la kushika kwa mikono miwili: usimtumie wakala pesa za ushuru kwa M-Pesa yake. Wakala akishawasilisha stakabadhi zako, KRA hutoa nambari ya malipo. Mwambie akutumie nambari hiyo ulipe KRA mwenyewe, kisha mlipe yeye ada yake ya kazi. Wakala mwaminifu hatakataa. Na hati ya shehena iandikwe jina lako, si la "bro" aliyekusaidia kuagiza.

Upande wa hapa nyumbani

Sasa tuseme umeamua kununua hapa. Raha yake inajulikana: unaona gari, unaliwasha, unasikia injini, unalala nalo nyumbani siku hiyo hiyo. Bei ni ya shilingi, na imeshabeba ushuru ndani yake. Dola ikipanda usiku, haikuhusu.

Lakini hapa ndipo unaweza kuuziwa mbuzi kwenye gunia mchana kweupe. Kila muuzaji ana wimbo mmoja: "Mkubwa, hii ilikuwa ya daktari wa kike. Ilikuwa ya kwenda kanisani na kurudi tu." Ukihesabu magari yote ya madaktari wa kike wanaoenda kanisani tu, utashangaa ni nani huwatibu wagonjwa wiki nzima.

Kuna jamaa niliyesoma naye aliyenunua gari kwa mtu aliyemfahamu kupitia rafiki. Gari lilikuwa zuri, nambari ya juzi juzi, bei imeshuka kidogo. Alilipa laki tisa. Muuzaji akamwambia uhamisho wa umiliki utafanyika "wiki ijayo." Wiki ijayo ikawa mwezi. Siku aliyofanya utafutaji ndipo alipogundua gari liliandikwa majina mawili: la muuzaji na la kampuni iliyomkopesha. Deni halikuwa limelipwa. Miezi mitatu baadaye gari lilichukuliwa mchana, nje ya kazini kwake, wenzake wakitazama. Muuzaji hashiki simu hadi leo.

Utafutaji ambao ungemwokoa unagharimu shilingi mia tano na ushee tu. Unafanywa kwenye mfumo wa NTSA kupitia eCitizen: unaweka nambari ya gari, unapata jina la mwenye gari, nambari ya chesi na ya injini, na kama kuna mkopeshaji aliyeandikwa. Fanya mwenyewe kwa simu yako. Usikubali picha ya utafutaji uliofanywa na muuzaji. Kisha pekua pia sajili ya mali inayohamishika iliyowekewa dhamana, kwa sababu kuna mikopo ambayo haionekani kwenye logibuku.

Ukishatosheka na makaratasi, ndipo sasa uende kwa gari lenyewe. Fika asubuhi kabla injini haijawashwa. Injini baridi haifichi siri kama ile iliyopashwa moto ukiwa njiani. Linganisha nambari ya chesi kwenye gari na ile ya NTSA, tarakimu kwa tarakimu. Tazama chini, hasa kama gari limeishi Pwani, maana chumvi ya bahari hula chuma polepole. Inua zulia la buti unuse: harufu ya uvundo na matope kwenye pembe ni dalili ya gari lililowahi kuzama kwenye mafuriko.

Usiende na fundi wa muuzaji. Lipa fundi wako, ama upeleke gari likaguliwe na watu wasio na faida katika biashara hiyo. AA wamefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Elfu chache unazolipa hapo ndizo bima ya laki zako. Muuzaji akikataa gari likaguliwe, ameshakupa jibu.

Kuhusu kilomita, usiamini dashibodi peke yake. Kuna mafundi wa kurudisha kilomita nyuma, na kazi hiyo huchukua dakika chache. Omba rekodi za sevisi na hati gari lilizokuja nazo kutoka Japan. Kisha tazama pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva. Gari lenye kilomita 60,000 halina pedali iliyolika hadi chuma.

Na pesa? Lipa amana kidogo kwa mkataba ulioandikwa na kutiwa sahihi. Salio lilipwe muuzaji akiwa ameanzisha uhamisho kwenye mfumo wa NTSA na wewe umeuona kwenye akaunti yako. "Wiki ijayo" isiingie kwenye mazungumzo.

Hadithi ya nambari mpya

Tukubaliane kitu. Sababu moja inayotufanya tupende kuagiza ni nambari. KDT inapendeza kuliko KCM ukiegesha kwenye harusi ya binamu. Lakini nambari inakuambia gari lilisajiliwa lini Kenya. Haikuambii lilitengenezwa lini, wala lilitunzwa vipi. Gari la mwaka 2018 lililosajiliwa hapa 2025 na lile la 2018 lililoingia 2021 yana umri mmoja. La pili limekula barabara zetu miaka minne zaidi, ni kweli, lakini kama mwenyewe alikuwa mtunzaji, unaweza kulipata kwa bei nafuu zaidi na ukalikagua kwa macho yako. Unaponunua nambari, jiulize unaongeza laki ngapi kwa herufi moja.

Kama pesa ni za mkopo

Hapa njia hizi mbili zinaachana sana. Ukikopa Sacco ili uagize, makato huanza pesa zikitoka. Gari litakuwa baharini, wewe bado uko kwenye matatu, na mshahara umeshakatwa. Jiulize kama unaweza kubeba miezi mitatu ya kulipia gari huliendeshi.

Kwa upande wa yadi, kuwa macho na ile "lipa nusu, salio polepole." Ukiambiwa riba ni asilimia 3 kwa mwezi, inasikika ndogo. Hiyo ni 36 kwa mwaka. Sacco inayotoza asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua iko mbali sana na hapo. Tena logibuku hubaki kwa mkopeshaji hadi umalize. Ukikosa mwezi mmoja au miwili, hadithi ya yule jamaa yangu inakuwa yako.

Basi uchague lipi?

Agiza kama una mambo matatu: pesa zote mkononi pamoja na ile asilimia 15 ya akiba, muda wa kungoja hata miezi mitatu, na subira ya kusoma karatasi moja moja. Ukiwa nayo, utapata gari ambalo historia yake imeandikwa, na wewe utakuwa mwenye gari wa kwanza nchini.

Nunua hapa kama unalihitaji gari sasa, labda kazi imehamia mbali ama mzazi anahitaji kupelekwa kliniki kila wiki. Kama bajeti imebana kiasi kwamba dola ikiruka tu umekwama. Ama kama sehemu ya pesa ni mkopo. Lakini ununue kwa macho ya polisi. Utafutaji, fundi wako, uhamisho, kisha pesa. Kwa mpangilio huo huo.

Ukikosa kuwa tayari kwa njia yoyote kati ya hizi mbili, ngoja. Hakuna aibu. Gari dogo linalokwenda kilomita 15 kwa lita, ukiliendesha kilomita 40 kwa siku, siku 22 za kazi, litakunywa karibu lita 59 kwa mwezi. Tuseme petroli ni shilingi 185 kwa lita, hiyo ni kama 10,900, bila ada ya kuegesha tao, bila sevisi, bila bima. Jaribu hivi: kwa miezi mitatu, weka kando pesa hizo kila mwezi kana kwamba gari tayari liko nyumbani. Ukiweza bila kukopa, umejipanga. Ukishindwa mwezi wa pili, umeokoa milioni moja na laki mbili kwa kujaribu tu.

Halafu usiku wa leo, kabla ya kurudi kwenye zile picha za Demio, fungua daftari. Andika bei ya gari, ushuru, dola, wakala, bima, tairi na ile asilimia 15. Kama jumla inazidi ulicho nacho, punguza gari. Usiipunguze ile akiba.